Aliyeandika Rakhisi

Chumba cha mikutano cha shule yetu kinanuka udi wa kopo. Si udi wa kufukiza, huo ningeupokea kwa mikono miwili. Ni ule wa kupuliza, unaotoka kwenye kopo kama dawa ya mbu, na mwalimu mkuu huupuliza kila wanapokuja wazazi kwa kudhani kwamba hivyo ndivyo Waomani wanavyoheshimiwa. Mpaka leo harufu hiyo ikinipata puani roho inanichafuka. Humo ndimo tulimokaa watu wazima watano, tumefunga milango na kiyoyozi kinavuma, tunamjadili mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya neno moja.

Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la nne, na mimi nilikuwa mwalimu wake wa kusoma Kiingereza. Shule ni ya kulipia, hapa Madinat Sultan Qaboos, majumba mawili yaliyovunjwa ukuta wa kati yakaitwa shule. Huyu mtoto ni wa kwetu. Wazee wake walirudi Oman kutoka Unguja kama walivyorudi wazee wangu, na nyumbani kwao, kama nyumbani kwangu, kwa Kiswahili watu walipika, waligombana na kuombeana dua. Kiarabu kilikuwa cha televisheni na cha wageni, Kiingereza cha shule. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyemlea tangu mama mtu arudi kazini wizarani, na bibi huyo hana lugha ya kukaa na kuzungumza ila Kiswahili. Kiarabu anacho cha kusalia, na cha kumwambia muuza samaki kuwa samaki wake wamelala.

Sasa hilo neno. Katika mtihani wa Kiarabu wa mwisho wa muhula watoto walipewa kisa wasome, wajibu maswali, kisha watoe maoni yao juu ya kisa na juu ya masomo yao ya Kiarabu. Mtoto akaandika, kwa mwandiko wa kupendeza, kwamba kisa ni rakhisi, na kwamba masomo ya mwalimu wake ni rakhisi kuliko masomo yote. Kwetu sisi, kitu rahisi ni kisicho na ugumu. Ni kisicho ghali pia, lakini maana hiyo mtoto huisikia bibi anaponunua nyanya. Ukiingia darasani, rahisi ni rahisi. Neno tumelichukua kwa Waarabu wenyewe, na wazee wetu bado wanalitamka na kh yake, kwa hiyo mtoto hakuona sababu ya kulitilia shaka. Lakini kwa Mwarabu rakhisi ni kitu cha bei ya chini, na ukilitumia kwa mtu au kazi yake umesema ni duni, haina heshima. Kisicho na ugumu wao wanakiita sahal. Mtoto alikusudia kumsifu mwalimu wake, akamwandikia tusi.

Mwalimu wa Kiarabu alilizungushia neno hilo wino mwekundu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaipeleka ofisini. Kutoka hapo jambo likavimba. Mkuu akaona kuna moja kati ya mawili, ama mtoto hana adabu ama hajui anachoandika, na kwa kuwa mtoto ana adabu zake, basi hajui anachoandika. Akaitwa mtaalamu wa kupima watoto. Huyo ni bwana mmoja mpole, mwenye kompyuta nyembamba na viatu visivyotoa sauti, ambaye hupima kwa Kiingereza peke yake.

Alimwambia mtoto asimulie siku yake ya kawaida. Mtoto akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba anaamka saa kumi na mbili, anaingia darasani saa moja, na saa nane bibi anakuja kumchukua. Mswahili yeyote anamwelewa, maana saa zetu tunazihesabu kuanzia jua linapotoka na linapozama. Bwana mpole akaandika kwamba mtoto hana dhana ya wakati. Halafu mtoto, akisimulia habari za bibi yake, akamtaja kama mwanamume, kwa kuwa neno yeye la Kiswahili haliulizi huyu ni mke au mume. Hilo nalo likaongezwa. Ikatoka picha ya duara yenye rangi, na sehemu kubwa ya duara ilikuwa nyekundu.

Maana ya wekundu huo ilikuwa hii: atolewe darasani kwake apelekwe kwenye kitengo cha msaada. Jina zuri hilo. Kitengo chenyewe ni kibanda cha mabati kilichosimamishwa nyuma ya matangi ya maji, na watoto wanaopelekwa humo nimewaona wakipaka rangi picha za matunda mwaka mzima. Akishaingia kule, kupanda darasa la tano na wenzake ni bahati nasibu. Nimefundisha hapo muda wa kutosha kujua kwamba mtoto akiingia kibandani hurudi amekuwa mtoto wa kibandani, na kila mwalimu anayempokea baadaye humtazama hivyo kabla hajafungua mdomo.

Mimi si mtu wa kukaa kimya, na watu wa shule wanalijua hilo, ndiyo maana chai yangu hunywa peke yangu. Nilimchukua mtoto wakati wa mapumziko, nikamkalisha kwenye zulia la maktaba, nikamwekea kile kile kisa cha mtihani. Ni kisa cha mwanamke aliyeazima sufuria kubwa kwa jirani yake apikie harisa ya sikukuu, ile ambayo sisi tunaiita bokoboko, kisha akalirudisha halikuoshwa, limegandia ngano pembeni. Jirani akalipokea asiseme kitu. Sikukuu iliyofuata mwanamke akaja tena kuazima, jirani akampa sufuria lile lile, bado na ukoko wake wa mwaka jana. Swali la mtihani lilikuwa, kwa nini jirani hakusema kitu mara ya kwanza? Kwa Kiarabu mtoto alikuwa amejibu kwa neno moja, mpole. Alama sifuri.

Nikamwambia aniambie kwa lugha yoyote anayotaka.

"Yoyote, ticha?"

"Yoyote. Hata ya bibi yako."

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akanisogelea.

"Hakusema kwa sababu angesema, yule angeliosha tu basi. Ingekwisha. Yeye kataka alikute mwenyewe siku anayolitaka, ana wageni, ana haraka. Huyu si mpole, ticha. Huyu kamuwekea."

Nilicheka mpaka mtunza maktaba akanikoholea. Kamuwekea. Nina walimu wenzangu ambao hawangeiona hiyo. Nikamwambia haya, sasa tuyapeleke hayo hayo kwenye Kiarabu, tukakaa sakafuni tukitafuta maneno, yeye anauliza, mimi nafungua kamusi, na kabla ya kengele alikuwa na sentensi nzima za Kiarabu zenye akili ndani yake. Tulipofika kwenye neno jirani tukasimama tena, maana kwetu ni mtu mmoja na kwa Waarabu ni watu wengi, na jambo hilo lilimfurahisha kama aliyeokota kitu. Akaenda kuliandika kwenye ukuta wa darasa langu kwa mkono wake.

Nina ukuta, au nilikuwa nao. Nyuma ya darasa langu watoto walibandika maneno ya nyumbani kwao yanayofanana na ya shule, yanayosema kitu kimoja na yanayodanganya. Kulikuwa na Kimalayali, Kibalochi, Kiswahili, Kiarabu cha Misri. Kabla ya kuandika chochote niliwaacha wazungumze wawili wawili kwa lugha waitakayo, wakishaelewa ndipo wachukue kalamu. Kelele zilikuwa nyingi na maandishi yalikuwa mazuri. Sikuwa nimegundua dawa ya kansa. Ni jambo ambalo mama yeyote mwenye lugha mbili analifanya jikoni bila kusomea.

Basi nikaingia kwenye kikao nikiwa na moyo. Nilikuwa na karatasi ya sufuria, ile mpya, na nilikuwa na maelezo ya rakhisi. Tulikuwa mkuu, bwana mpole, mwalimu wa Kiarabu, mimi, na mama wa mtoto, aliyevaa abaya nzuri ya kazini na kukaa ncha ya kiti. Baba alikuwa kiwandani Rusayl, hakupewa ruhusa. Katikati ya meza kulikuwa na keki ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezigusa.

Nikaeleza. Nikaeleza saa, nikaeleza yeye, nikaeleza rahisi na rakhisi, na kwamba mtoto huyu hana ugonjwa wowote ila ana lugha moja zaidi kuliko kipimo. Mkuu akatikisa kichwa kwa utamu, akasema kwa Kiingereza kwamba inavutia sana. Nimekaa na watu hawa vya kutosha, najua kwamba inavutia sana ni namna yao ya kufunga mlango. Bwana mpole akasema kifaa chake hakina Kiswahili.

"Kwa hiyo kimepima nini?" nikamuuliza. "Mtoto, au bibi yake?"

Akarudi kwenye kompyuta yake. Ila mkuu, ambaye si mjinga, akaona kwamba kila kitu kinaning'inia kwenye neno lile jekundu. Akamgeukia mwalimu wa Kiarabu, akamuuliza kama ni kweli kwamba kwa Kiswahili neno hilo lina maana ninayoisema mimi.

Hapa lazima niseme mwalimu wa Kiarabu ni nani. Naye ni mwanamke wa kwetu. Hajawahi kuniambia, ukimsalimia kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiarabu, na Kiarabu chake ni cha vitabu, kimepigwa pasi, hata Mwarabu wa bara anakistaajabia. Lakini chumba cha chai kina ukuta mwembamba. Mara ngapi nimemsikia kwenye simu, kwa sauti ya chini, "Mama, nshakwambia usipike, nnakuja na mkate miye." Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, kisicho na vumbi.

Kwa hiyo nilimtazama nikiwa sina wasiwasi wowote. Nilijua atasema ndiyo, hata kama kwa kinyongo.

Akaweka kalamu yake sawa na ukingo wa meza. "Sielewi," akasema. "Mimi sijui Kiswahili."

Hakupepesa jicho. Kilichonipata si hasira, hasira ninaijua. Kilikuwa kinyaa, kile cha kuuma tunda na kukuta nusu ya mdudu. Nikamgeukia mama wa mtoto, nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Dada, wewe waambie basi. Nyumbani mnasemaje?"

Akanitazama na macho yake yakawa yananiomba kitu. "Afwan?" akasema. Samahani, hakusikia.

Huyu ambaye mama yake mzazi hana lugha nyingine. Mkuu akamuuliza nyumbani wanazungumza nini, akajibu Kiarabu, na Kiingereza kidogo. Mkuu akasema vizuri, lakini kama kuna lugha ya tatu popote nyumbani ingekuwa bora kuisimamisha, kwa muda tu, ili kumpunguzia mtoto mkanganyiko. Mama akakubali haraka haraka, uso umemwiva, kama mtu aliyeambiwa jikoni kwake ameonekana mende. Kibanda kikapitishwa. Karatasi yangu ya sufuria mkuu aliirudisha kwangu kwa vidole viwili, akasema si halali kuitumia, kwa sababu mtoto alisaidiwa na lugha.

Alisaidiwa na lugha. Nimelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile na bado silimezi. Sijui mtu anasoma kwa msaada wa nini kingine.

Nilimngoja mwalimu wa Kiarabu kwenye maegesho. Jua la Juni linakupiga usoni pale, lami inanuka, lakini singeondoka. Alipofika kwenye gari lake na kunikuta nimeliegemea, alitazama huku na huku, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akanisemesha kwa Kiswahili.

"Usinitie aibu mbele za watu."

"Kumbe unakijua."

"Nnakijua, nimezaliwa nacho. Na ndicho kilonikalisha nyuma ya darasa utoto wangu wote hapa Maskati. Nikifungua mdomo wanacheka. Nikisoma Kur'ani vizuri wanashangaa. Hujui wewe?"

"Nnajua. Walinicheka na mimi."

"Basi waniuliza nini? Bora alie sasa angali mdogo, atazoea. Miye nnamsaidia."

Nikamuuliza kama alijua mtoto alikusudia nini.

"Nlijua nlivolisoma tu," akasema.

"Na ukalizungushia."

"Miye nnasahihisha kilichoandikwa. Sisahihishi kilichokusudiwa."

Akafungua mlango wa gari. Nilijaribu kumhurumia, nasema kweli. Nilimfikiria alipokuwa mtoto, amekaa nyuma, kamasi zinamtoka. Huruma haikuja. Kilichokuja ni kutazama mkono wake kwenye usukani, mkono mzuri, una hina ya harusi ya mtu, na kuuonea kinyaa. Watu waliotucheka walikuwa wajinga tu, hawakujua. Huyu alijua, na akachukua kazi yao akaifanya vizuri kuliko wao.

Muhula mpya ulipofunguliwa ukuta wangu ulikuwa mweupe. Mkuu aliagiza upakwe rangi likizoni, kwa wema, akaniachia na maua kwenye chombo. Mtoto alikuwa kibandani. Nilikuwa nikipita na kumwona dirishani, kichwa chini. Nikamwomba mwalimu wa huko anionyeshe kazi zake, naye akanionyesha kwa fahari: makosa yamepungua mno. Ni kweli yalipungua. Kabla alikuwa akiandika ukurasa mzima wenye makosa kumi na mawazo kumi. Sasa anaandika sentensi tatu, zote sahihi, hazina kitu ndani. Nina paka. Paka wangu ni mkubwa. Nampenda paka wangu. Hana paka yule mtoto. Kwenye mkutano wa walimu sentensi hizo zilionyeshwa ukutani kwa mwanga, watu wakapiga makofi, na nikatoka nje nikaenda kunawa uso.

Nilipopata nafasi ya kukaa naye tena maktaba, nikamuuliza kwa Kiswahili kama ana kisa chochote cha kunisimulia. Akatazama mlango. Safari hii hakunisogelea.

"Mama kasema tusiseme hivo," akanong'ona, tena kwa Kiarabu akamalizia kwamba hana kisa.

Haikupita muda mrefu nikakutana na bibi yake getini. Nilikuwa nikimfahamu kwa mbali, mama mrefu mwenye miwani mizito, daima wa mwanzo kufika, amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Siku ile alinifuata yeye.

"Wewe ndo mwalimu mwenye Kiswahili?"

"Ndiye miye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe, unakuwa nae kutwa." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. "Nimemkosea nini mjukuu wangu? Hanisemeshi. Nnamuuliza kala, ananitikisia kichwa. Nnamhadithia, anatoka. Na mamake nikimuuliza anasema mwache, anasoma. Nimekaa nnajiuliza usiku kucha nimesema neno gani."

Hakuna mtu aliyemwambia. Walipitisha amri nyumbani kwake juu ya mdomo wake yeye, na walimwonea haya hata kumpa habari. Wamemwacha atafute kosa lake.

Nikamweleza. Nilisema polepole, kwamba hakukosa lolote, kwamba ni sisi, ni shule, tumesema Kiswahili kinamharibia mtoto masomo. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitaraji atakasirika na nilikuwa tayari kukasirika naye, tungekwenda wote wawili ofisini, ningemshika mkono. Lakini hakukasirika. Uso wake ulilegea, ukawa kama unaopata nafuu.

"Ah," akasema. "Basi ndo hilo tu."

Watoto wakaanza kutoka. Wa kwake alikuwa nyuma ya kundi la wasichana, begi mgongoni. Bibi akajiweka sawa, akainua mkono, na kwa sauti kubwa, kwa Kiarabu chake kile cha kununulia samaki, akamwita aje, akamuuliza kama amekula, kama amechoka. Maneno yalimtoka yamevunjika na yamekaa kinyume, na alikuwa akitabasamu, kwa vile sasa ameshajua dawa.

Wasichana waligeuka. Mmoja akacheka. Mtoto akaja mbio mpaka alipofika karibu, akawatazama wenzake, kisha akamtazama bibi yake kuanzia kwenye kanga hadi viatuni, akabetua mdomo. Uso ule niliujua, ni ule wa kinyaa.

"Sema sawasawa au unyamaze," akamwambia, kwa Kiarabu kisicho na kosa hata moja. "Watu wanasikia."

Bibi alinitazama mimi. Hakuwa ameelewa yote, akawa anangoja nimwambie mtoto amesema nini.